Zamu ya Yaarub bin Sleyum

Alkhamisi moja ya Juni, mwaka 1969, Amur bin Aflah aliamka pale Matrah, bandari ya Uarabuni, akiwa na shughuli mbili tu: kunywa kahawa na kugombana na karani wa vibali. Kahawa ilikuwa chungu na karani alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Mtu akikutukana nawe unamtukana, yakaisha. Huyu alikuwa akikukatalia huku anakusogezea tende.

"Karibu, mwalimu. Kula tende."

"Nishakula tende zako mara tatu, sheikh. Leo nipe barua."

"Inshallah."

"Inshallah yako naijua mie. Ina mwendo wa kobe."

Karani akacheka, akaifunua ramani aliyoichora Amur ya Hujaira, kijiji cha babu yake, akaitazama kwa mapenzi kama mtu anayetazama picha ya mtoto wa mwenziwe. Ramani nzuri, akasema. Tarikh ya kijiji nayo imeandikwa vizuri. Lakini karatasi haijui kusema kweli. Wazee wa Hujaira wenyewe watie alama ya dole chini yake kwamba mtu huyu asili yake kwao, na mmoja wao awe wa damu. Bila ya hivyo barua haitoki, na bila ya barua mke na mtoto hawapandi meli.

"Meli inang'oa nanga Mombasa Jumaatano," Amur akasema.

"Basi nenda Jumaamosi," karani akajibu. "Chukua tende za njiani."

Amur alikuwa na miaka arubaini na tisa, na tumbo lililokuwa likitangulia kuingia mlangoni. Alikuwa kaiona Bombay, kaiona Kairo, na Kuwait aliuza masanduku ya safari miaka miwili hali sanduku lake mwenyewe ni bahasha. Kabla ya hapo, miaka ishirini, alisomesha jiografia skuli moja Unguja. Akiweza kukuchorea huku kafumba macho vile vijiji vya Amerika katikati, kwenye nchi ya mahindi, vilivyopimwa mraba maili sita kwa sita, barabara zimekatana kama daftari la hisabu. Watoto aliwakaririsha mpaka wakalia. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuvihitaji.

Sasa yeye mzima ameshindwa na kijiji cha nyumba kumi na tisa, nyuma ya mji wa Ansab, alikotoka babu yake mzaa baba. Mke wake Mahbuba alikuwa Mombasa, katika chumba cha kuazima kwa binamu, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinamaliza siku mwisho wa mwezi. Binti yao Rahila alikuwa na miaka minne alipotengana na baba yake, sasa ana tisa, na katika barua ya mwisho aliandika: "Baba, mimi nshakusahau sauti." Amur aliisoma barua ile kwa mzaha mbele ya jirani, kisha akaenda chooni akakaa muda mrefu.

Hujaira hakuwahi kuikanyaga. Lakini aliijua. Babu yake, Yaarub bin Sleyum, ndiye aliyemlea, na kila magharibi akimhadithia: mlima kama ngamia aliyepiga magoti, mikunazi mitatu, msikiti usio na mnara, na falaj, ule mfereji wa maji unaotoka chini ya jabali lililopasuka, ukapita kila shamba kwa zamu. Mwisho wa mfereji, nyumba ya baba yake, Sleyum. Babu alikuwa mtu mwema mwenye kituko kimoja. Jua likifika utosini alikuwa hatoki nje. Akiketi ndani, akiletewa beseni la maji, akitia mikono yote miwili, akisema polepole: "Zamu yangu." Watoto wa nyumba nzima wakimwigiza. Naye akicheka nao, lakini mikono hakuitoa.

*

Jumaamosi dereva mmoja aitwaye Bakhit, kijana wa zamani wa Ng'ambo ya Unguja, alimpakia katika Landrova yake iliyokuwa inapeleka mchele Ansab. Njia ilikuwa ya mawe matupu na Bakhit akiendesha kama aliyelaaniwa na matairi.

"Mwalimu, wewe unakwenda kwenye kijiji hujakifika, na barabara hakina. Utakipata vipi?"

"Naipata Hujaira kuliko ninavyokipata chumba changu. Juzi Matrah nimepotea nikaingia jikoni kwa watu."

"Ukapewa chakula?"

"Nikapewa mwiko wa mgongo."

Kutoka Ansab walikwenda kwa miguu. Amur akatangulia. Hapa panda. Hapa kata kulia. Hapa kuna jiwe jeupe, pita juu yake usipite chini. Bakhit alicheka mwanzo. Baada ya jiwe la nne akaacha kucheka, akawa anamtazama mwenzake kisogoni.

Mlima ulipiga magoti vilevile. Mikunazi ilikuwa mitatu. Msikiti hauna mnara. Amur akasimama na jasho lake na tumbo lake, na machozi yakamjia, maana katika dunia yote aliyoizunguka hapa ndipo mahali pa kwanza palipofanana na alivyoambiwa.

Aliyewapokea alikuwa Suud, mzee mkavu mwenye ndevu za hina, ndiye msimamizi wa maji ya kijiji. Alikuwa na kijiti chake kimesimamishwa kwenye uwanja wa udongo, na mawe madogo pembeni; kivuli cha kijiti kikigusa jiwe, maji yanahamishwa kutoka shamba moja kwenda jingine. Ujana wake aliumaliza Pemba kwenye karafuu, na Kiswahili chake kilikuwa kimehifadhika kama achari. Amur akamweleza alichotaka karani.

"Marhaba, marhaba! Mtu wa Unguja! Dole? Tutatia dole, tutatia na miguu ukitaka. Wewe wa nani hapa?"

"Mimi Amur bin Aflah bin Yaarub bin Sleyum. Nyumba ya mwisho wa maji."

Suud alikuwa anammiminia kahawa. Kahawa ikajaa kikombe, ikamwagika mkononi mwake, asiuondoe mkono.

"Nyumba hiyo haina watu," alisema.

"Najua. Babu yangu alihama."

"Hakuhama." Suud aliweka birika chini. "Njoo nikuoneshe alipo."

Akampeleka kwenye mawe ya makaburi, nyuma ya mkunazi wa tatu. Kaburi lilikuwa fupi. La mtoto.

"Yaarub bin Sleyum," Suud akasema. "Alikuwa na miaka kumi. Mwaka wa mafuriko, kabla mimi sijazaliwa. Baba yangu alikuwamo katika waliombeba."

Hapo Amur akapasuka. Miaka mitano ya afisi, ya tende, ya "njoo kesho", yote ilimtoka mdomoni mara moja. "Bwana we, babu yangu kafa Unguja nina miaka thalathini! Nimemkosha mimi kwa mikono hii! Ana watoto saba! Kama huyu ndiye Yaarub, mimi nimezaliwa na nani? Na mkunazi?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kule afisini nnaambiwa si wa huku, huku nnaambiwa babu yangu alikufa kabla ya kuoa! Basi nielekezeni nilikotoka, nirudi huko!"

"Punguza sauti," Suud akanong'ona, "karibu saa zake zinafika."

*

Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, na bibi mmoja aliyekaribia miaka tisini akaletwa akishikwa mkono. Nasriya. Dada mdogo wa yule mtoto wa kaburini. Alikuwa haoni. Suud akaeleza kwa sauti ya chini, na kila akitaja jina la Yaarub alikuwa anatazama kijiti chake.

Wapo watu wanaokufa, alisema, na wapo wanaochukuliwa. Mchawi humficha mtu, watu wakaona maiti, wakaosha, wakazika. Kumbe walichozika ni shina la mtende. Mwenyewe yuko mbali anatumikishwa. Huko Unguja si mnao pia, mnasema misukule na gogo la mgomba? Basi ndiyo hayo. Mama yake Yaarub hakukubali kwamba kafa. Alikataa fungu la maji la mwanawe wagawiwe wengine. Zamu ya kila siku ya nane, adhuhuri, wakati kivuli kimejikunyata, ilikuwa zamu ya shamba lao, na kazi ya kufungua na kufunga ilikuwa ya Yaarub. Mama aliwaapisha wazee: maji yake yaende, afunge mwenyewe siku akirudi.

"Na yanakwenda?" Amur akauliza.

"Kwa miaka themanini na tatu. Tunafungua sisi, tunaondoka."

"Na kufunga, nani anafunga?"

Suud akazungusha kikombe chake kitupu.

"Tunakuta pamefungwa."

Bakhit akasema anakwenda kuiangalia gari. Gari ilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka pale. Akaenda.

Nasriya akanyoosha mkono, akaupata wa Amur, akaupapasa mpaka kwenye dole gumba. Akasema kitu kwa Kiarabu. Suud akafasiri: "Anasema nduguye alijikata hapa kwa mundu wa mitende. Kovu la kukingama. Anauliza babu yako..."

Amur hakuhitaji kuulizwa. Miaka yake yote ya utoto alilishwa tonge na dole lile, kovu limekingama kama mstari wa ikweta. Alikuwa akilitolea mfano akiwafundisha wanafunzi.

"Alikuwa nalo," akasema.

Bibi akaachia mkono wake polepole, kama mtu anayeweka chini kitu asichojua kama ni chake.

Wazee wakashauriana. Jibu likaja: hawatakula yamini ya uongo. Kama Amur ni mrithi wa Yaarub, zamu ni yake. Leo ni siku ya nane. Aende akafunge maji kwa mkono wake. Akirudi, watatia dole wote. Asiporudi, hawajamwona.

"Asiporudi vipi?" Amur akauliza. "Kuna mtu hajarudi?"

"Hakuna aliyekwenda," Suud akasema.

Amur akafikiri juu ya meli. Akafikiri juu ya karani na tende zake. Akafikiri juu ya sauti yake, ambayo mtoto wake mwenyewe keshaisahau. Akavua viatu, akakunja kanzu.

"Kama ni kuloweka miguu tu," akasema, "nimefanya makubwa zaidi kwa barua hii."

Hakuna aliyecheka.

*

Nyumba ya mwisho wa maji ilikuwa kuta tatu na kizingiti. Mitende ya shamba ilikuwa imekufa zamani, mashina meusi bila vichwa. Lakini udongo wa mfereji ulikuwa laini. Umepigwa pasi. Mtu aliutunza.

Amur akaketi kando ya mlango wa maji. Jiwe la kufungia lilikuwa hapo, limeviringwa matambara. Akajiambia kwa sauti, kimwalimu, kwamba leo ni tarehe ishirini na moja Juni, kwamba hapa tuko karibu na mstari wa Saratani, mpaka wa jua upande wa kaskazini, na kwa hivyo jua litakuwa wima kabisa na kitu chochote hakitakuwa na kivuli. Elimu ni nuru. Akatazama chini yake. Kweli. Kivuli chake kilikuwa kimeingia chini ya nyayo.

Ilikuwa saa ile ambayo hata kusali hakusaliwi.

Maji yakaja. Bila kelele. Yakaingia shambani, yakazunguka mashina, yakalowesha ardhi isiyokuwa na mmea. Amur akahisabu. Akakosea. Akaanza tena. Upande wa msikiti Suud akapiga kofi moja: kijiti hakina kivuli. Wakati wa kufunga.

Amur akainama kulishika jiwe.

Jiwe lilikuwa la baridi.

Akaliinua. Likaja nusu. Halafu likawa zito. Akavuta. Halikuja. Akatazama kwa nini.

Juu ya udongo, mkabala naye, ulikuwapo kivuli.

Mawe hayakuwa na kivuli. Kuta hazikuwa na kivuli. Yeye hakuwa nacho. Kile kilikuwa kirefu, kama cha saa kumi na moja jioni. Chembamba. Mabega ya mtoto. Kimechuchumaa. Mikono yake miwili imeenea mpaka kwenye jiwe.

Kilikoanzia hapakuwa na mtu.

Amur alitaka kusoma kitu. Akasahau vyote. Likamjia jina la mji mkuu wa Bolivia.

Udongo mbele ya kivuli ukabonyea. Alama moja ya unyayo. Ndogo. Ikajaa maji. Kisha ya pili, karibu zaidi.

Kisha sauti. Sikioni. Ya mtoto wa miaka kumi, aliyekufa Hujaira kabla hajajua kwamba kuna bahari. Lakini ilisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Unguja, maneno ambayo Amur aliambiwa kila siku ya utoto wake kabla ya tonge la kwanza.

"Nawa kwanza, mjukuu wangu."

Akanawa. Hakujua kama ameamua. Mikono ilikwenda yenyewe majini. Na ndani ya maji, kwa kitambo cha pumzi moja, ikashikwa.

Halafu jiwe likawa jepesi. Akalitia mahali pake. Maji yakasita, yakageuka, yakarudi kwenye mfereji mkubwa.

Alipoinua uso, kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kutoka, upande wa mashariki, chembamba kama uzi. Kimoja tu.

*

Wazee waliokuwa kwenye baraza ya msikiti walikuwa sita, na bibi Nasriya. Suud aliwahisabu, Amur akawahisabu, maana baada ya yale hakutaka tena kosa la hisabu. Wanaume sita wakachovya dole katika wino mweusi, mmojammoja, wakabandika chini ya ramani. Nasriya hakutia. Alisema zamani ameshamlia maiti wa nduguye. Hawezi sasa kumshuhudia mzima.

"Basi wa damu nimemkosa," Amur akasema. "Karani hatokubali."

"Nenda nayo," Suud akanong'ona. "Wewe nenda nayo tu. Na usiikunje mpaka ikauke."

Bakhit alikutwa ndani ya gari, vioo vimefungwa katika joto lile. Njia nzima hakuuliza kitu. Walipofika Matrah akasema, "Mwalimu, wewe nimekupakia peke yako?"

"Kwani?"

"Basi. Kiti cha nyuma kimerowa."

Siku ya pili asubuhi, afisini, chini ya feni isiyozunguka, karani alisogeza tende, akaifunua karatasi, akavaa miwani. Akahisabu kwa kalamu.

"Saba. Wazee wengi mashaallah, kwa kijiji kidogo."

"Sita," Amur akasema.

Karani akaigeuza karatasi imwelekee Amur. Alama sita nyeusi, kubwa, zimekauka. Ya saba ilikuwa pembeni, juu ya ile nyumba ya mwisho wa maji aliyoichora. Ndogo. Haikuwa ya wino. Ilikuwa ya udongo, na ilikuwa mbichi. Katikati yake ulipita mstari mmoja mweupe, umekingama.

"Hiki kidole cha mtoto," karani akasema. "Cha nani?"

Amur aliangalia. Angeweza kutunga uongo. Alikuwa fundi wa uongo mdogomdogo wa kuchekesha. Hakuupata.

"Ndiye wa damu," akasema. "Babu yangu."

Karani alimtazama juu ya miwani. Huenda alichoka. Huenda naye alikuwa na kijiji chake na makaburi yake. Akachukua karatasi ya kukaushia, akaibandika juu ya alama ile ya udongo, akaibandua. Ilikuwa imelowa kote. Akachukua nyingine. Ikalowa. Ya tatu hakuichukua. Akagonga mhuri.

Telegramu ikatoka siku ileile.

*

Mahbuba na Rahila walishuka Matrah mwezi wa Julai, wembamba, wachovu, na sanduku moja. Rahila alisimama mbali akimkagua baba yake kama karani.

"Sema kitu," akamwambia.

"Niseme nini? Nimenenepa, unaona mwenyewe."

Mtoto akatabasamu kidogo. "Ndiwe wewe," akasema, akaja.

Nyumbani Mahbuba hakukubali kupumzika. Alipika wali wa samaki, akatandika mkeka, akaweka sinia. Bakhit alikuwa amepita asubuhi hiyo na ujumbe kutoka kwa Suud, akausema mlangoni bila kuingia: tangu siku ile hawakuti tena pamefungwa. Imebidi wafunge wenyewe, na hakuna kinachotokea. Ni maji tu. Suud anauliza, mwenye zamu kaenda wapi? Amur alisema atafikiri. Hakumwambia mkewe.

Mahbuba akatoka jikoni na beseni la kunawia, akasimama nalo katikati ya chumba.

"Nani kanawa kabla yetu?"

"Hakuna mtu," Rahila akasema.

"Maji nimetia sasa hivi, masafi. Hebu tazameni."

Yalikuwa na tope, jekundu, la milimani, na uzi mmoja wa jani la mtende unazunguka polepole. Kwenye ukingo wa beseni palikuwa na alama ya dole gumba. Ndogo. Ina mstari.

Mahbuba akaisugua kwa upindo wa kanga. Akasugua kwa majivu. Haikutoka. Haikutoka siku ile, wala haikutoka mpaka beseni lenyewe lilipotoboka.

Amur alitazama dirishani. Jua lilikuwa utosini; uwanjani hata kuku hana kivuli. Mke wake alikuwa anamtazama, mtoto wake anamtazama, wote wawili wako mbele yake, wazima, kwa barua ile na kwa mhuri ule.

"Baba, nani kanawa?"

Amur alitia mikono yake katika beseni lilelile, akanawa vizuri, akaikung'uta. Kisha akasogea kidogo mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja mdogo baina yake na ukuta.

"Bismillahi," akasema. "Kuleni."

Upande ule wa ukuta, mkeka ulikuwa umeanza kulowa.